Pankeki za unga wa mahindi na molasi: mara tatu zimenikatalia, ya nne zikafura

MpishiWaMakadara
Ijumaa, saa 4:20 usiku

Assalaam aleykum jamaa wa jikoni. Uzi huu ni mrefu, mwenye chai yake aisogeze karibu.

Mdogo wangu anaishi Marekani, jimbo la Rhode Island. Alipokuja likizo ya Desemba, asubuhi moja alitutoa sote jikoni, mimi na mama, akabaki na unga wa mahindi, mayai na chupa ya molasi, ule uji mzito mweusi wa miwa, aliyoileta sandukuni imeviringishwa kwa kanga mbili. Mama akasema, "Huyu leo anatupikia ugali wa sukari." Haikupita saa, ikatoka sinia ya pankeki nene, rangi ya chai iliyokolea maziwa. Ukiibonyeza kwa kidole inazama, ukiachia inainuka yenyewe. Mama alikula nne, na mama huyu unga wa mahindi wa asubuhi kwake ni uji tu, hana habari na kingine.

Mdogo wangu akarudi zake, chupa ikaisha, wanangu wakaanza: "Mama, zile za mama mdogo." Nikajifunga kibwebwe.

Mara ya kwanza nilichanganya unga wa mahindi mkavu na wa ngano, nikatia maziwa na yai, nikachoma hapo hapo. Kwa macho zilikuwa nzuri, lakini ukitafuna unasikia chenga kwenye meno, kama dagaa ambao hawakuoshwa mchanga. Mara ya pili nikaona ngano ndiyo inayoniharibia ladha, nikatumia mahindi matupu. Zikapasuka nikizigeuza, kila moja vipande vitatu. Mara ya tatu nikataka zifure kwa nguvu: nikatia bekingi pauda, na juu yake kijiko kizima cha chai cha bekingi soda. Zilifura kweli, kisha zikanywea nikiwa bado nimeshika mwiko. Nje nyeusi, ndani mbichi, na ladha ya sabuni. Mwanangu wa mwisho aliimega moja, akairudisha sahanini polepole, akanywa chai yake tupu, akaenda madrasa. Hilo liliniuma kuliko unga uliopotea.

Jumapili iliyopita, ya nne, zikakubali. Nimezirudia mara mbili wiki hii na hazijanitupa, kwa hiyo sasa nina haki ya kuandika.

Siri ya kwanza: unga wa mahindi unyweshwe maji ya moto kabla ya kitu kingine chochote. Nachukua kikombe kimoja cha unga wa mahindi (kikombe changu ni cha mililita 240), natia bakulini pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, namwagia robo tatu ya kikombe cha maji yanayochemka, yale ya kutokota hasa. Nakoroga mpaka pasiwe na unga mkavu. Hapo hapo, kungali moto, natia vijiko vikubwa vitatu vya molasi na vijiko vikubwa vitatu vya samli. Samli inayeyuka humo humo, molasi inalegea, na harufu inayopanda hapo ni ya miwa iliyochomwa. Nafunika kwa sahani, naenda kufanya mengine kwa dakika kumi na tano. Utakaporudi utakuta tope zito la kahawia lililovimba. Likiwa la moto bado, lisubiri lipoe mpaka uvumilie kuweka kidole, vinginevyo mayai yataiva humo bakulini.

Kando nachekecha kikombe kimoja cha unga wa ngano mweupe, vijiko vya chai viwili vya bekingi pauda visivyo na mlima, na NUSU kijiko cha chai cha bekingi soda. Nusu, wenzangu. Soda ikizidi hapo ndipo sabuni inapoanza.

Mayai mawili nayatenga. Viini vinaingia kwenye tope la mahindi pamoja na kikombe kimoja cha mala, yaani maziwa yaliyochachuka. Usimimine yote, bakisha kidogo uone uzito, maana unga haunywi sawa. Kisha unga wa ngano unaingia, unakoroga mara chache tu. Mabonge madogo yaache. Ute wa yai nauchapa kwa mchapo mpaka usimame povu jeupe, kisha nauingiza mwisho kwa kuukunja kutoka chini kwenda juu, bila haraka. Rojo linatakiwa lidondoke kutoka kwenye upawa kwa uzito, lisitiririke kama la chapati za maji.

Moto: mdogo, chini kuliko unavyodhani. Molasi inaungua upesi. Kaango langu ni la chuma, lile la chapati, nalipaka mafuta kwa kitambaa, namwaga robo kikombe. Unangoja matundu yatokee juu. Yakitokea yakajifunga tena, ngoja. Yakipasuka yakabaki wazi, na ukingo ukapoteza mng'ao, geuza. Mara moja tu. Na msibonyeze kwa mwiko jamani, ule ufuke unaotoka mkibonyeza ndio ulaini wenyewe unaondoka.

Zinatoka kumi na mbili hivi. Samli juu, na molasi kidogo niliyoilegeza kwa maji moto.

Nauliza mambo mawili. Kwanza, molasi ya kula mnaipata wapi Mombasa? Yangu ya sasa ni kichupa kidogo cha supamaketi ya Nyali, bei yake inauma. Pili, nani amejaribu kwa sukari guru?

KakaTudor
Ijumaa, saa 4:51 usiku

Dada, umenitesa na saa hizi za usiku. Swali: molasi si ile ya madukani kwa wafugaji? Kwetu tunaiona kwenye madumu, bei yake ni ya bure ukilinganisha na supamaketi. Kwa nini tusinunue lita tano tugawane?

MkulimaKwale
Ijumaa, saa 5:30 usiku

Kaka Tudor, simama hapo hapo. Mimi nafuga, nainunua hiyo ya madumu kila mwezi, na siwezi kumpa mtu ale.

Si kwamba asili yake ni mbaya. Miwa inakamuliwa, maji yake yanachemshwa mpaka yanakuwa mazito, sukari inaganda chembechembe, mashine inazungushwa kwa kasi chembe zikatengana na ule uji mzito. Uji huo uliobaki ndio molasi. Wakichemsha mara ya kwanza na kutoa sukari, molasi inayobaki ni nyepesi na tamu. Mara ya pili inakuwa nyeusi zaidi. Mara ya tatu inabaki ile nyeusi ti, chungu kidogo, sukari imeshatolewa karibu yote inayotoleka. Ya mifugo huwa ni hiyo ya mwisho. Shida ni safari yake: inapakiwa kwenye tangi lolote, inahamishiwa kwenye pipa ambalo hujui jana lilibeba nini, inakaa juani, wengine wanaizidisha kwa maji ikaanza kuchacha. Ng'ombe anachanganyiwa kwenye majani makavu ili ayale kwa hamu, haimdhuru. Mtoto wako anastahili kitu kilichopakiwa kwa ajili ya binadamu. Tafuta chupa iliyoandikwa kuwa ni chakula, yenye tarehe, na kama zipo aina mbili chagua isiyo nyeusi sana kwa pankeki. Ile nyeusi ti inatawala ladha yote.

Sisi Kwale tulikua na harufu hiyo, kiwanda cha zamani cha Ramisi kabla hakijafungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Marehemu baba akirudi, shati lake lina harufu ya sukari iliyoungua. Niliposoma maelezo ya dada hapo juu nimeikumbuka.

MpishiWaMakadara
Ijumaa, saa 5:44 usiku

Mkulima, shukran sana, na Mungu amrehemu mzee. Nilikuwa karibu kwenda dukani kesho kununua ile ya dumu.

BiMkubwaKisauni
Jumamosi, saa 12:35 asubuhi

Hamjambo wanangu. Nimeamka swala nikaukuta uzi wenu.

Mwanangu wa Makadara, umefanya kazi nzuri. Nikuongezee kutoka kwetu. Mambo ya kunywesha unga kabla ya kupika si mageni Mvita. Anayepika vibibi huloweka mchele usiku, husaga na tui, hutia hamira na iliki, huacha mpaka uumuke. Mkate wa mofa wa mtama nao haukimbizwi. Ila mahindi tuliyaacha kwenye ugali na uji, hatukuyapa nafasi ya kuwa kitafunio. Nadhani ni kwa sababu ya mwaka 1984. Wenye umri wangu mnakumbuka ukame ule na mahindi ya manjano ya msaada. Watu waliyala kwa dhiki, na mpaka leo mtu akiona unga wa manjano anakunja uso, anasema ni chakula cha njaa. Huko Marekani kumbe huo wa manjano ndio wanaoupikia vitu vyao vitamu! Mimi nilipopewa na mjukuu pakiti ya unga wa manjano nilipika, na nasema kweli: una utamu wake, mweupe hauna.

Sukari guru umeuliza. Nimeshatumia miaka mingi kwenye mkate wa kumimina. Nunua Marikiti, chagua ile nyeusi isiyo na unyevunyevu, ivunje. Gramu 200 kwa maji robo kikombe, bandika moto mdogo, ikiyeyuka yote kamulia matone machache ya ndimu isije ikaganda tena, ichemke dakika tano mpaka itiririke kama asali. Halafu CHUJA kwa kitambaa. Kila mara chini utakuta makapi ya miwa na mchanga. Hii ni tamu kuliko molasi na haina ule uchungu, kwa hiyo vijiko viwili vikubwa vinatosha mahali pa vitatu.

Na asiye na mala atumie tui zito kikombe kimoja, akamulie kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu, aache dakika tano. Iliki mbili zilizotwangwa. Mtanikumbuka.

MpishiWaMakadara
Jumamosi, saa 1:10 asubuhi

Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa nini lazima ndimu kwenye tui? Ni ladha tu?

BiMkubwaKisauni
Jumamosi, saa 1:22 asubuhi

Marahaba mwanangu. Bila ndimu hazifuri, hilo ndilo nijualo. Sababu waulize wasomi.

MwalimuSayansi
Jumamosi, saa 3:05 asubuhi

Msomi nimefika, na naomba nafasi kidogo kwa sababu uzi huu umebeba somo zima la kemia ya kidato cha pili.

Bekingi soda ni alikali. Peke yake, kwenye joto dogo, haifanyi kitu cha maana. Ikikutana na asidi hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na hewa hiyo ndiyo matundu mnayoyangoja juu ya kaango. Kwenye mapishi ya dada, asidi inatoka sehemu mbili: mala, na molasi yenyewe, ambayo ina uchachu japo ulimi unasikia utamu tu. Tui halina uchachu wa kutosha, ndiyo maana Bi Mkubwa anatia ndimu. Mikono yake ilishaijua kemia kabla haijaandikwa ubaoni.

Ladha ya sabuni ya mara ya tatu imetokana na soda iliyokosa asidi ya kukutana nayo. Soda inayobaki, ikipata moto, inageuka kuwa sodiamu kaboneti, na hiyo ni ndugu wa karibu wa magadi. Tena alikali inaharakisha kubadilika rangi, na molasi ina glukosi na fruktosi ambazo zinakimbilia kahawia kuliko sukari nyeupe. Ukiweka vyote viwili juu ya moto mkali, nje inakuwa nyeusi kabla joto halijafika katikati. Kwa hiyo zile nyeusi nje na mbichi ndani zilikuwa na chanzo kimoja.

Kunywesha unga: wanga wa mahindi huanza kuvimba na kunywa maji ukifika nyuzi 62 hadi 72 za Selsiasi hivi. Maji ya bomba, hata ya Mombasa yanayotoka vuguvugu, hayafiki huko. Kwenye kaango pankeki inakaa dakika mbili tatu tu kila upande, chembe ya mahindi haipati muda wa kuiva. Maji yanayochemka yanaifanyia kazi hiyo mapema.

Na ngano: ikilowa na kukorogwa inafanya gluteni, nyuzi zinazovutika ambazo zinafunga hewa ndani kama mpira. Mahindi hayana nyuzi hizo, ndiyo maana za mara ya pili zilipasuka. Lakini mkikoroga kupita kiasi, nyuzi zinakaza, mtapata kitu cha kutafuna kama chapati. Mabonge madogo ni salama kuliko mkono wenye bidii.

Naomba sana mtu asibadilishe bekingi soda kwa magadi soda ya kulainishia kunde. Majina yanafanana mdomoni, nguvu zake ni tofauti.

MgeniWaMtwapa
Jumamosi, saa 5:40 asubuhi

Nimefuata kila kitu asubuhi hii. Mala, maji ya kuchemka, nusu kijiko. Ladha nzuri mno, wallahi, watoto wamekula. Lakini zimelala. Zimekuwa bapa kama chapati za maji nene. Ute wa yai niliuchapa mpaka mkono ukauma. Kosa liko wapi?

MpishiWaMakadara
Jumamosi, saa 5:52 asubuhi

Pole dada. Niambie: rojo lilikaa muda gani kabla ya kuchoma? Na bekingi pauda yako umeifungua lini?

MgeniWaMtwapa
Jumamosi, saa 6:03 mchana

Rojo lilikaa kama saa nzima, nilikuwa namwogesha mtoto. Bekingi pauda sikumbuki, iko kwenye kopo kabatini juu ya jiko, tangu Ramadhani iliyopita labda.

MpishiWaMakadara
Jumamosi, saa 6:15 mchana

Basi yamekukuta mawili kwa mpigo. Soda inaanza kutoa hewa ile dakika inapogusa mala. Ukiondoka saa nzima, hewa imeshatoka yote, na povu la yai limerudi kuwa maji. Tope la mahindi ndilo linaloweza kungoja hata usiku kucha kwenye friji. Ngano na mayai vikishaingia, kaango liwe tayari motoni.

Na kopo lako, lijaribu sasa hivi: kijiko cha chai cha bekingi pauda ndani ya nusu kikombe cha maji moto. Ikitoa povu kwa fujo ni nzima. Ikizama ikatoa vipovu viwili vitatu, itupe. Soda ijaribu vivyo hivyo kwa matone ya ndimu. Hapa pwani unyevu wa hewa ni mwingi, hasa miezi ya kusi na mvua za masika, na unga huu ukipata unyevu kidogo unaanza kufanya kazi humo humo ndani ya kopo. Kabati la juu ya jiko ndilo mahali pabaya kuliko pote, mvuke wote wa sufuria unapanda huko. Mimi yangu naitia kwenye chupa ya kioo ya jemu, kifuniko cha kukaza, mbali na jiko.

MgeniWaMtwapa
Jumamosi, saa 6:31 mchana

Imezama. Vipovu vitatu, nimevihesabu. Nakwenda dukani.

KakaTudor
Jumamosi, saa 10:20 jioni

Naomba niulize jambo la dhati. Baba yangu ana kisukari, na kuna jamaa kamwambia molasi ni dawa, haipandishi sukari, na inaongeza damu. Mzee ameshaanza kuilamba kwa kijiko. Ni kweli?

MwalimuSayansi
Jumamosi, saa 10:48 jioni

Kaka, tafadhali mzuie leo. Molasi bado ni sukari: hata ile nyeusi ya mwisho, karibu nusu ya uzito wake ni sukari, na zile nyepesi ni zaidi. Itapanda kwenye damu yake kama sukari nyingine. Kuhusu damu, ni kweli molasi nyeusi ina madini ya chuma na potasiamu kuliko sukari nyeupe ambayo haina kitu. Lakini kwa vijiko vitatu vinavyogawanywa pankeki kumi na mbili, hayo ni machache. Mwenye upungufu wa damu apimwe hospitali ijulikane chanzo. Na mgonjwa wa figo potasiamu hiyo yenyewe inaweza kumletea shida. Pankeki moja mara moja moja azungumze na daktari wake, kulamba kijikoni aache.

KakaTudor
Jumamosi, saa 11:15 jioni

Nimempigia, nimemsomea maneno yako. Amesikia. Mungu akuzidishie, mwalimu.

MkulimaKwale
Jumamosi, saa 2:00 usiku

Niongeze kuhusu unga, maana mmejali molasi mkausahau. Anayetumia unga wa kinu cha posho, ule wa mahindi yasiyokobolewa, atapata ladha nzuri zaidi kuliko wa pakiti, kwa sababu kiini cha punje kimo. Lakini kiini kina mafuta, na kwa joto letu unga huo unaanza kuwa na harufu ya mafuta yaliyokaa baada ya wiki chache. Saga kidogo kidogo. Unga wa pakiti umetolewa kiini, ndiyo maana unakaa.

Mahindi yenyewe yawe yamekauka sawasawa. Punje yenye ukungu au rangi ya kijani usiiokote ukasema moto utaiua sumu. Sumukuvu haifi kwa kupikwa. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Utamu wa molasi unaweza kuficha harufu ya ukungu, kwa hiyo nusa unga kabla hujaanza.

Baharia72
Jumamosi, saa 3:40 usiku

Nimesoma kimya tangu jana. Mimi nimefanya kazi melini miaka mingi, na dada ametaja Rhode Island, jina hilo limenigusa.

Kule kuna vikate vya mahindi vya asili viitwavyo johnnycakes: unga wa mahindi meupe magumu ya kwao, maji ya moto, chumvi, basi. Wenyeji wa asili wa nchi ile ndio waliowafundisha wageni kupika kwa mahindi. Vyenyewe havifuri, hizi za dada zenye ngano na soda ni za baadaye. Na molasi ndiyo iliyokuwa sukari ya mtu wa kawaida huko, kwa sababu ilikuwa rahisi. Urahisi huo ulilipwa na wengine. Miwa ya visiwa vya Karibi ililimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Molasi yake ilisafirishwa kaskazini, ikapikwa pombe ya ramu, na meli za Newport, bandari ya jimbo hilo hilo la Rhode Island, zikabeba ramu hiyo kwenda pwani ya Afrika Magharibi kununua watu zaidi. Waingereza waliitoza kodi kwa Sheria ya Molasi ya mwaka 1733, wakigombania faida tu.

Sisi tuliozaliwa bandarini, karibu na ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, tunajua meli inaleta nini na inachukua nini. Mahindi yenyewe yalitoka Amerika yakaja Afrika kwa majahazi ya watu hao hao. Nimeona niseme, kwa sababu dada amepika vizuri, na wale waliokata miwa ile hatuna hata jina moja lao.

BiMkubwaKisauni
Jumamosi, saa 3:58 usiku

Baharia, nimekusoma mara mbili. Asante kwa kuwataja.

MpishiWaMakadara
Jumamosi, saa 4:10 usiku

Sikujua habari ya Newport. Mdogo wangu huenda kutembea huko na watoto wake. Nitamtumia maneno yako kama yalivyo.

MgeniWaMtwapa
Jumapili, saa 2:25 asubuhi

Nimerudi! Kopo jipya, tope la mahindi nililiandaa jana usiku nikalitia kwenye friji, asubuhi nikalitoa likapungua ubaridi, mala, viini, ngano, povu la yai, na kaango tayari linasubiri. Moto mdogo mpaka mume wangu akaniuliza kama gesi imeisha. Ya kwanza ilitoka na madoa, nikapunguza mafuta. Ya pili nilipoigeuza iliinuka mbele ya macho yangu, ukingo ukafunguka kama sponji. Nimeikata katikati kuangalia: matundu madogo madogo mpaka katikati, hakuna mstari wa ubichi. Nilitia na iliki za Bi Mkubwa.

Swali moja: zimebaki tano. Mchana zitakuwa zimekauka?

MpishiWaMakadara
Jumapili, saa 2:40 asubuhi

Maashaallah! Hazikauki upesi, molasi inashika unyevu. Zisipangane zikiwa za moto, zitatoa jasho zilowane. Zitandaze kwenye ungo mpaka zipoe, kisha zifunikwe kwa kawa. Mchana zipashe kwenye kaango kavu, moto mdogo, dakika moja kila upande. Mimi leo najaribu kwa tui na ndimu. Tope liko chini ya sahani, na yule wangu wa mwisho amesimama mlangoni na kanzu yake ya madrasa, anauliza kama za leo ni zile zile.